Wadogo zangu wa kiti cha kulia

Juzi, ndani ya basi la kututoa kwenye ndege, marubani wasaidizi wawili, wale wanaokaa kiti cha upande wa kulia, walilalamika kwa sauti mpaka wahudumu waliokaa mbele wakageuka. Rosta, yaani ratiba ya zamu, imebadilishwa mara tatu ndani ya wiki moja. Stendibai, wale wanaosubiri nyumbani, wanaitwa dakika za mwisho. Mapumziko yanamegwa kidogo kidogo. Yote waliyosema ni kweli, nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Kisha simu ya mmoja wao ikalia. Akatuinulia kiganja tunyamaze, akapokea kwa sauti ya upole kabisa: "Ndiyo, dada, kesho naweza." Alikuwa amewauzia watu wa rosta siku yake ya mwisho ya kupumzika.

Nilitamani kumnyang'anya ile simu. Nampenda yule kijana, anashika ndege vizuri. Lakini nilichokiona pale ndicho nilichokifanya mimi nikiwa na umri wake, na kiliwagharimu wenzangu. Basi nisikilizeni.

1. Soma mkataba kabla hujaukasirikia. Kanuni zina vikomo vyake, na kwa Ulaya mnajua ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na 900 kwa mwaka wa kalenda. Lakini rosta itoke siku ngapi kabla, siku ya mapumziko iliyochukuliwa inafidiwaje na bondi ya mafunzo (ile ahadi ya kutoondoka kazini kwa sababu kampuni ilikulipia mafunzo) inaisha lini, hayo yamo kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama chenu na kampuni. Nusu ya malalamiko ninayoletewa yana kifungu tayari, na mlalamikaji hajakifungua tangu alipotia saini.

2. Uchovu usioandikwa haupo.

Hapa nitakaa kidogo. Nikiwa rubani msaidizi wa mwaka wa tano, wenzangu walinichagua niingie kwenye kamati ya majadiliano na kampuni. Hoja yetu kubwa ilikuwa moja: baada ya safari mbili za usiku mfululizo, rubani apewe usiku mbili kamili za kulala nyumbani. Mimi ndiye niliyepewa kuitetea, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa maneno. Nikazungumza karibu dakika ishirini kuhusu macho yanayofumba yenyewe alfajiri na watu wanaolala ndani ya gari kwenye maegesho kabla ya kuendesha kwenda nyumbani.

Mkurugenzi wa operesheni aliniacha nimalize. Alikuwa kapteni wa zamani, na ndiye aliyenipitisha kwenye simuleta, mashine ya kufanyia mazoezi na mitihani ya kuruka. Akafungua faili, akatoa karatasi moja iliyopigwa mistari ya njano, akaisukuma mezani mpaka ikanifikia. "Hii ni yako, kijana wangu." Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimeuza siku saba za mapumziko. Mara nne kapteni alikuwa ameongeza muda wa zamu kwa hiari yake, na mara zote nne iliandikwa kwamba mimi nilisema niko sawa. Ripoti za uchovu zenye jina langu: sifuri.

"Niende nikaiambie bodi nini?" akauliza, bila kupandisha sauti. Mwenzangu wa kushoto akafunga daftari lake taratibu. Hoja ile iliondolewa mezani mchana ule ule, na ilichukua miaka mitatu kurudi. Miaka mitatu wenzangu waliruka zile usiku.

Kinachoniuma ni kwamba sikuwa nimedanganya kuhusu uchovu. Katika moja ya zile zamu nne, tukikaribia kutua, tuliruhusiwa kushuka hadi futi 4,000. Nikairudia kwa mdomo wangu, elfu nne, huku mkono ukiweka 3,000 kwenye kitufe cha kuchagulia kimo. Kapteni aliona, akaweka kidole kwenye kitufe hicho, akanirudishia namba yangu. Baadaye akaniuliza, "Umechoka?" Nikamjibu, "Niko sawa, Kapteni." Tukasaini, tukaenda kulala. Ripoti moja ya uchovu ya usiku ule ingenitosha mbele ya mkurugenzi. Sikuiandika kwa sababu nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo na niliamini anayeripoti hupitwa. Na zile siku saba niliziuza kwa sababu nilikuwa na mkopo.

Kwa hiyo msichukulie "niko sawa" kama adabu kwa mkubwa. Kwa kanuni za Ulaya, kapteni anayetaka kuongeza muda lazima kwanza amuulize kila mmoja wenu hali yake, kisha aandike ripoti. Nyongeza ikizidi saa moja, kampuni inatakiwa kupeleka nakala kwa mamlaka ndani ya siku 28. Marekani, tangu kanuni za Januari 2014, kila rubani anathibitisha kabla ya safari kwamba yuko fiti. Kanuni hizo zilizaliwa baada ya ndege ya Colgan Air namba 3407 kuanguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009. Walikufa watu 50, na wachunguzi walikuta rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria ili afike kazini. Jibu lako ni ushahidi, na litasomwa na watu ambao hawakuwa ndani ya ndege.

3. Usijifanye mgonjwa kwa makubaliano na wenzako. Kama ni mgomo, upigiwe kura na utolewe notisi.

4. Ujumbe wa sauti uliourekodi kwa hasira saa nane usiku kwenye kundi la marubani utafika kwa mwajiri kabla ya kifungua kinywa.

5. Msikimbilie kutupa barua za kujiuzulu. Mwaka 1989 marubani wa Australia walidai nyongeza ya asilimia 29.47, wakaanza kuruka kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni tu. Waliposhtakiwa, wakajiuzulu kwa pamoja ili kuzikwepa kesi. Serikali ya waziri mkuu Bob Hawke ikaleta ndege za jeshi na ndege za kukodi, makampuni yakaajiri wengine kutoka nje, na wengi wao hawakurudi tena kwenye makampuni yale. Umoja walikuwa nao. Lakini ukishajiuzulu, mwajiri halazimiki tena kukaa na wewe mezani.

Yule kijana nilimsubiri kwenye chumba cha maandalizi, nikamfungulia fomu ya uchovu. "Kapteni, nikijaza hii si wataniwekea alama?" Nikamweleza habari ya karatasi yenye mistari ya njano. Akaanza kujaza. Alipofika kwenye saa za usingizi ndani ya saa 48 zilizopita, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akaandika tisa. Kisha akatoa simu, akampigia tena yule dada wa rosta.