Nani Anastahili Kukaza Ngozi ya Uso Bila Kisu?

SWALI: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Nina umri wa miaka 49, na baada ya kupungua uzito sana ngozi ya mashavu na shingo yangu imelegea. Saluni moja ya jirani imeleta mashine inayokaza ngozi kwa joto bila upasuaji, na mhudumu wake alinionyesha cheti kilichotundikwa ukutani. Binti yangu ananikataza, akisema kazi hiyo ni ya daktari bingwa wa ngozi peke yake. Nani hasa anastahili kuifanya?
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama, binti yako yuko karibu na ukweli kuliko hicho cheti, ingawa mambo ni mapana kidogo kuliko alivyokueleza.

Mashine za kukaza ngozi hutumia mawimbi ya redio, ultrasaundi (mawimbi ya sauti) au leza (mwanga mkali), na zote zinakusudia jambo moja: kupasha joto tabaka la ndani la ngozi, kwa kawaida hadi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi kidogo, ili nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoishikilia ngozi, zisinyae na mwili uanze kutengeneza nyingine katika miezi inayofuata. Ultrasaundi inaweza kupeleka joto hilo milimita 4.5 chini ya ngozi, mahali ambapo mhudumu haoni kwa macho anachokigusa, na si mbali na hapo hupita neva zinazoendesha midomo na nyusi. Joto likizidi au likielekezwa pasipostahili, mtu anaweza kuungua, kupata kovu, kupooza upande wa mdomo kwa wiki kadhaa, au kupoteza mafuta ya uso na kubaki na mashimo. Mnamo Oktoba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ya namna hiyo juu ya mashine zinazounganisha sindano ndogo na mawimbi ya redio, ikasisitiza kwamba hiyo ni tiba na si huduma ya urembo tu.

Kwa hiyo wa kwanza kustahili ni daktari bingwa wa ngozi au daktari bingwa wa upasuaji rekebishi aliyefundishwa kutumia mashine hiyo hasa, kwa maana ubingwa pekee haumfundishi mtu kila chombo kinachoingia sokoni. Hatuna mabingwa wengi wa ngozi, lakini tunao. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa 1992, huwafundisha, pamoja na matabibu wa ngozi ambao mara nyingi ndio wanaopatikana mikoani. Daktari mwingine aliyesajiliwa na kupata mafunzo ya kutosha naye anaweza kuifanya. Muuguzi mwenye mafunzo anaweza kuishika mashine endapo daktari amekupima, ameandika kipimo cha nishati kitakachotumika, na yupo jengoni wakati kazi inafanyika. Kliniki ambayo daktari wake ni jina kwenye kibao tu haijatimiza sharti hilo.

Mimi huwapima wahudumu kwa jambo ambalo halionekani ukutani, nalo ni uwezo wa kumwambia mteja kwamba tiba hii haimfai. Wewe umepungua uzito, na yamkini mafuta ya mashavu yako yamepungua pia; joto la kina linaweza kuyapunguza zaidi na kukuzeesha badala ya kukurejeshea ujana. Tena ngozi iliyolegea sana hukazwa kidogo tu na mashine hizi. Bingwa mwaminifu atayasema hayo kabla ya kutaja bei. Atakuuliza pia kama una betri ya moyo, kama una ujauzito, kama vidonda vyako huacha makovu ya kuvimba, na kama umewahi kutumia mkorogo. Swali hilo la mwisho wengi huliona la kuaibisha, lakini krimu za kujichubua zenye dawa za steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya namna hiyo huungua upesi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, baadhi ya leza huvutwa na weusi wenyewe kabla ya kufika ndani. Mawimbi ya redio hayabagui rangi, ila hata nayo yakiunguza, alama nyeusi inaweza kukaa miezi mingi.

Kabla ya kulipa, ulizia usajili wa daktari katika Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize kama mashine inatambuliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba. Kisha uliza nani atakutibu usiku huo huo ukiungua. Jibu la kusitasita linatosha kukurudisha nyumbani.

SWALI: Nina saluni Arusha na nimesomea urembo VETA. Muuzaji wa mashine amenifundisha kwa siku chache na kunipa cheti. Je, ninaweza kuanza kazi?
Mrembaji, Arusha

JIBU: Dada yangu, cheti cha muuzaji kinathibitisha kwamba unajua kuiwasha mashine na kuiendesha. Hakikupi leseni ya kutibu, na muuzaji hatakuwa mahakamani pamoja nawe mteja akiharibika uso. Usafi wa ngozi, masaji na vipodozi salama ni kazi yako halali. Ukitaka kuingia katika fani hii, tafuta kliniki ya daktari wa ngozi inayohitaji msaidizi. Ujuzi wako wa kumhudumia mteja kwa upole una thamani huko, na anayetoa uamuzi wa tiba atakuwa mwenye leseni.

SWALI: Kliniki moja Mombasa inamtangaza mhudumu wake kuwa “daktari wa urembo”. Nitamhakikije?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Omba jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni, kisha litafute katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, ambalo linapatikana kwenye mtandao. Angalia ubingwa ulioandikwa, kama ni wa ngozi au wa upasuaji rekebishi, na kama leseni bado ni hai. Baraza hilo hilo hutoa leseni kwa vituo vya afya, kwa hiyo itafute kliniki pia. Daktari halali anayefanya kazi katika nyumba isiyosajiliwa bado anakuweka hatarini. Wakikataa kukupa jina, usiendelee na miadi.