Gitaa limepasuka uso lilipofika Nairobi: kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nimejitengenezea gitaa la nyuzi za chuma nyumbani Kisauni. Uso ni saiprasi, mgongo na mbavu ni mvule, na kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa daraja ni milimita 650. Nililigundisha wakati wa masika, likakaa vizuri miezi kadhaa. Januari nikapanda nalo treni hadi Nairobi. Wiki mbili baadaye uso ulibonyea karibu na tundu, kisha ukapasuka nyuma ya daraja. Niliporudi Mombasa ufa ukajifunga wenyewe! Daraja nalo limeanza kunyanyuka, na noti za freti za juu (vile vyuma vilivyokingama shingoni) zinapanda kupita sauti yake. Je, saiprasi haifai? Niagize mbao za Ulaya?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usiagize kitu. Ubao wa Ulaya ukigundishwa katika hewa ile ya masika utapasuka vile vile. Saiprasi iliyonyooka mishipa, isiyo na vifundo, iliyopasuliwa ili mistari ya miaka isimame wima ukitazama kichwani mwa ubao, inatosha kabisa kwa uso. Kosa lako liko kwenye siku uliyobandika mataruma, zile fito za mbao za ndani zinazoushikilia uso.

Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata ukiwa umekatwa miaka kumi iliyopita. Hewa yetu ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ubao uliotulia huwa na maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ukiupeleka penye asilimia 45, maji hushuka hadi 8 na nusu hivi. Kwa urefu hutaona tofauti, kwa sababu ubao husinyaa kwa upana. Uso wa milimita 400 unaweza kupungua milimita 3. Sasa mataruma yako yamelala kukingama mishipa ya uso, na urefu wake haupungui. Uso unavuta, mataruma yanakataa, basi unabonyea kwanza, halafu unaachia palipo dhaifu. Huna haja ya kufika Nairobi ili hili likupate. Chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa hapa hapa mjini kinaweza kuleta maafa hayo hayo.

Kinyume chake hakina hatari kubwa. Gitaa lililogundishwa kavu likiingia kwenye unyevu, uso hutanuka na kupanda kidogo, nyuzi zinakuwa juu, unapunguza mfupa wa daraja kwa msasa na maisha yanaendelea. Ndiyo sababu watengenezaji hugundisha kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Kwetu Pwani hewa hiyo haiji yenyewe, si wakati wa kusi wala wa kaskazi. Lazima uitengeneze.

Chukua kabati kuukuu au sanduku la plaiwudi linalotosha uso na mgongo vikiwa vimesimama. Chini funga balbu ya zamani ya wati 60, ile inayochoma mkono. Za LED hazitoi joto la maana. Zile za kulelea vifaranga zinazouzwa agroveti ni kali mno kwa kabati dogo. Juu ya balbu weka bati ili mwanga usiupige ubao moja kwa moja, kisha toboa matundu machache chini na juu hewa ipite. Usiache kitambaa wala maranda humo ndani, na usilale ukiwa umeiwasha siku za kwanza kabla hujaijua tabia yake. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha hadi 38, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 45. Huhitaji mashine yoyote ya bei.

Kipima unyevu cha bei nafuu mara nyingi hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza. Tia chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa matone ya maji iwe kama uji mzito, fungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Ndani ya mfuko patakuwa na asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kila mara unaongeza 7.

Ila mizani ya jikoni ndiyo ninayoiamini zaidi. Pima uso asubuhi na jioni, uandike kwa penseli pembeni mwa ubao wenyewe. Ubao wa gramu 250 uliotulia kwenye hewa ya asilimia 80 utapoteza kama gramu 16. Uzito ukisimama palepale siku tatu mfululizo, umekauka. Mataruma yakaushe pamoja nao. Halafu fanya haraka: uso wenye unene wa milimita 2.7 huanza kunywa unyevu mara tu utokapo kabatini. Andaa gundi, jiriwa (vibano) na vibao vya kukandamizia kabla hujafungua mlango, gundisha ndani ya nusu saa, kisha rudisha kila kitu kabatini na jiriwa zake.

Jambo jingine linalosaidia: upande wa taruma unaokutana na uso usiwe bapa. Uchonge kama upinde, ili kwenye taruma la milimita 400 katikati ipande milimita 2 na nusu kuliko ncha. Kwa mgongo zifike 4 hivi. Uso wenye kitumbo kidogo ukisinyaa hushuka kuelekea ubapa kabla ya kuanza kujivuta kwenye mataruma, na hapo umejipatia nafasi ya kupumua.

Ufa ulio nao usiuzibe sasa hivi kwa kuwa umefungika. Ukiupaka gundi ukiwa umefungwa, utafunguka tena safari ijayo. Legeza nyuzi, weka gitaa kabatini, ukauke taratibu mpaka ufa ufike upana wake wote. Chonga kibanzi cha saiprasi chenye mishipa inayofuata ule ufa, ukiingize na gundi, kisha ukwangue kiwe sawa na uso. Ndani, kupitia tundu, bandika viraka vya milimita 15 kwa 15, unene milimita 2, mishipa yake ikikata ufa, kila baada ya sentimita 5. Usitumie puti wala unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Havina nguvu ya kushika.

Daraja ling'oe lote, maana limeshaanza. Pasha moto kisu chembamba butu, ukiingize kwa nyuma polepole. Nadhani utakuta vanishi chini yake; wengi hupaka kwanza kisha wanabandika daraja juu ya rangi, na hapo gundi inashika vanishi tu wakati nyuzi za chuma zinavuta zaidi ya kilo 70. Kwangua mpaka ufikie ubao mtupu. Laza msasa wa namba 80 juu ya uso, ulisugue daraja hapo ili lishike umbo la kile kitumbo. Gundi nyeupe ya kawaida huteleza kidogo kidogo ikivutwa bila kupumzika, hasa ndani ya gari lililofungwa juani. Tumia ile ya njano ya mbao.

Kwa kuwa daraja liko mkononi, maliza na tatizo la noti. Kwanza hakiki freti kwa rula moja, ukipima zote kutoka mfupa wa kichwani: ya kwanza milimita 36.5, ya tano 163, ya saba 216.2, ya kumi na mbili 325. Hesabu yake ni kugawa kwa 17.817 urefu uliobaki hadi daraja, kila mara upate umbali wa freti inayofuata. Ukigawa kwa 18 kama mafundi wa zamani, ya kumi na mbili inaangukia 322.6, na hapo noti zingeshuka badala ya kupanda. Freti zikiwa sawa, basi uliweka mfupa wa daraja kwenye 650 kamili. Kidole kinapokandamiza uzi kinauvuta, na sauti inapanda. Sogeza nyuma: uzi mwembamba 652, uzi mnene 655, mfupa ulale mshazari kati ya hizo mbili. Nyuzi zikiwa juu mno kutoka kwenye freti, bado zitapanda, kwa hiyo shusha kimo kabla hujalaumu daraja.

Ukishagundisha daraja, lifunge kwa jiriwa saa 24, na wakati wa mvua 48, ndipo utie nyuzi. Na ukirudi kwenye mvule kwa gitaa lijalo, vaa barakoa, maana vumbi lake huwasha kifua na ngozi, na ndani yake huwa na vijiwe vinavyoumega ukali wa randa.