Ngome ya udongo ya Washington: maswali yenu wiki hii

Shikamoo mwalimu. Naishi Silver Spring, Maryland. Nikishuka mjini kwa Georgia Avenue, jirani yake kuna tuta la nyasi na mizinga katikati ya makazi ya watu. Ni kitu gani?

Marahaba. Hiyo ni Fort Stevens. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, Washington haikuwa na kinga ya maana, na Virginia, jimbo la waasi wa Kusini, ilikuwa ng'ambo tu ya mto Potomac. Askari wakashika sepeto. Hadi vita vinaisha, mji ulikuwa umezungukwa na ngome 68 katika duara la kilomita 60 hivi. Hii iliitwa kwanza Fort Massachusetts, kwa jimbo la waliochimba.

Kwa nini udongo? Fort Jesus ya Mombasa ni ya mawe na bado imesimama.

Wareno walijenga ili wakae. Hawa walitaka kuvuka vita tu. Tena, udongo humeza kombora. Aprili 1862, Fort Pulaski kule jimbo la Georgia, yenye kuta nene za matofali, ilisalimu amri baada ya kupigwa mizinga kwa saa 30 hivi. Ya udongo ilijengwa hivi: unachimba handaki, udongo wake unaurundika upande wa ndani kuwa tuta, unausimamishia magogo usiporomoke, kisha mbele unalaza miti iliyochongwa matawi yakawa miiba. Mvua ikinyesha, unaanza kukarabati.

Ardhi ilikuwa ya nani?

Swali zuri kuliko yote. Sehemu yake ilikuwa ya Elizabeth Thomas, mwanamke mweusi aliyekuwa huru wakati utumwa bado ni halali mjini humo. Kwa maelezo yake mwenyewe, askari walitoa vyombo nje, wakabomoa nyumba, naye akabaki chini ya mti analia, mtoto mchanga mikononi. Jioni, alisema, mtu mrefu aliyevaa nyeusi alimwambia kwamba ni jambo gumu, lakini atapata thawabu kubwa. Aliamini ni Rais Lincoln. Mimi la Lincoln siliwekei dhamana. La nyumba kubomolewa halina ubishi.

Ni kweli Lincoln alipigwa risasi pale?

Alirushiwa, hakupatwa. Julai 1864 Jenerali Jubal Early wa Kusini alifika karibu na ngome, watu wake hoi kwa joto na vumbi. Jenerali Lew Wallace wa Kaskazini alikuwa amemchelewesha siku nzima kwa mapigano kule Monocacy, Maryland, tarehe 9. Bila siku hiyo, Early angekuta ngome imeshikwa na wagonjwa wanaopata nafuu na makarani, maana askari wazoefu walikuwa wamepelekwa kupigana Petersburg, Virginia. Tarehe 11 meli zikawashusha askari wazoefu wa Kikosi cha Sita waliorudishwa kutoka huko. Kesho yake Lincoln, mrefu vile, alisimama juu ya tuta kutazama mapigano. Daktari wa jeshi aliyekuwa karibu naye akapigwa risasi. Jenerali Wright, kamanda wa Kikosi cha Sita, alimsihi Lincoln ateremke. Usiku Early akaondoka.

Yale magogo ni ya wakati huo?

Hapana. Baada ya vita wenye ardhi walirudishiwa, na matuta yakaachwa yaporomoke. Unayoyaona yalijengwa upya miaka ya 1930. Yagonge, ni zege. Cha enzi zile kiko kaskazini kidogo, Georgia Avenue hiyo hiyo: makaburi ya askari 40 wa Kaskazini waliouawa siku hizo mbili.