Mkono wa Jauza: majibu kuhusu majina ya nyota

SWALI: Katika hesabu ya falaki huku kwetu, Jauza ni buruji ya Mapacha. Mbona nasoma kuwa nyota Betelgeuse maana yake ni “mkono wa Jauza”, na nyota yenyewe imo kwenye Jabari? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Hesabu yenu ni sawa, na ulichosoma ni sawa. Waarabu wa zamani waliliita al-Jawza lile umbo ambalo Wagiriki waliliita Orion. Karne ya 9, vitabu vya Ptolemaio wa Aleksandria, mtaalamu wa nyota wa kale, vilipofasiriwa kwa Kiarabu, umbo hilo likapewa jina la al-Jabbar, ndilo Jabari letu. Al-Jawza likaendelea kutumika kwa buruji ya tatu, yaani Mapacha. Nyota zenyewe hazikubadilishiwa majina: yad al-jawza ni mkono, na rijl al-jawza ni mguu, ambao leo unaitwa Rigel.

Hiyo B imetoka wapi basi? Ukiandika kwa Kiarabu herufi iitwayo “ya” mwanzoni mwa neno, unaweka kijino chenye nukta mbili chini. Herufi “ba” ni kijino kilekile, ila nukta ni moja. Wafasiri wa Kilatini waliisoma “ya” kama “ba”, “yad” ikawa “bed”, jina likaandikwa Bedelgeuze. Baadaye wasomi wa Ulaya, wasiojua kosa hilo, wakabuni kuwa asili ni ibt, yaani kwapa. Dhana hiyo imetufikia hata sisi, ndiyo maana wapo wanaoiita Ibuti la Jauza. Paul Kunitzsch, bingwa wa Kijerumani wa majina haya, alionyesha kuwa kwapa halimo kabisa.

Ukitaka kuziona, toka nje mwishoni mwa Januari, saa 3 usiku. Jabari huwa karibu na utosi. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari: Betelgeuse, nyekundu, iko kaskazini mwake, Rigel, nyeupe ya samawati, iko kusini. Fuata mstari wa zile tatu kuelekea magharibi utakuta Aldebaran, nayo ni nyekundu, kisha Kilimia. Al-dabaran ni “mfuasi”: kila siku huchomoza nyuma ya Kilimia.

SWALI: Je, kila nyota inayoanza na “Al” ni ya Kiarabu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana. Alcyone, iliyo ndani ya Kilimia, ni Kigiriki. Kinyume chake, Vega, Deneb na Rigel hazina “al” lakini ni Kiarabu. Kipimo kizuri zaidi ni maana. Jina likitaja kiungo au sehemu ya mchoro, kama Deneb (mkia) au Fomalhaut (mdomo wa samaki), kwa kawaida Waarabu walikuwa wanafasiri maelezo ya Ptolemaio. Aldebaran, Vega na Altair ni za Waarabu wenyewe: mbili za mwisho ni tai anayetua na tai anayeruka.

Sirius nayo ni Kigiriki. Kwa Kiarabu ni Shi‘ra, iliyotajwa katika Sura An-Najm, aya ya 49, lakini jina hilo halikushika Ulaya.