Core i9 iliyotumika au Ryzen 7 mpya: ipi itadumu studioni?

Swali: Nina studio ndogo ya picha na video za harusi huko Katuba, Lubumbashi. Muuzaji mmoja ananipa kompyuta yenye Core i9-13900K ya Intel iliyokwisha kutumika, kwa bei ileile ya kompyuta mpya yenye Ryzen 7 7700 ya AMD. Mwanangu anasema prosesa (ubongo wa kompyuta) za AMD hupata moto na kufa mapema. Nichukue ipi?

Jibu: Mama, chukua Ryzen. Sisemi hivyo kwa kuwa AMD ni bora kuliko Intel kila mahali, bali kwa sababu i9 unayopewa ni ya kizazi kilichopata ila kubwa, nayo imekwisha kupitia mikononi mwa mtu usiyejua aliitumiaje.

Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, hasa zile zenye nguvu nyingi, zilikuwa zikiomba volti za juu kupita kiasi, na volti hizo zilichakaza sakiti za ndani polepole. Kuanzia Agosti mwaka huo ilitoa marekebisho yanayowekwa kupitia BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, kisha ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kutoka miaka mitatu hadi mitano. Marekebisho hayo huikinga prosesa ambayo bado ni nzima, lakini hayaiponyi iliyokwisha kuumia. Iliyoumia huweza kuwaka vizuri dukani, ikafungua programu zote mbele yako, halafu siku ya kazi nzito ikaikatiza video katikati, ikashindwa kufungua mafaili yaliyobanwa, au ikaleta ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha ilhali bado ipo. Mtu huanza kubadilisha RAM, diski, hata Windows, na gharama zote hizo ni za bure. Nayo dhamana ya miaka mitano utaidai kwa nani, ikiwa huna boksi wala risiti ya mnunuzi wa kwanza?

Mwanao hakulitoa hewani neno lake. Prosesa za Athlon za mwaka 2000 hazikuwa na kinga nzuri ya joto, na FX-9590 ya mwaka 2013 ilipangiwa wati 220, umeme mwingi unaogeuka joto. Hata mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye alama X3D ziliungua kwa volti zilizozidi, mpaka BIOS mpya zikaweka kikomo cha volti 1.3. Lakini kwa hizi mbili zilizo mbele yako, mambo yamegeuka: i9-13900K huruhusiwa kufika wati 253, na Ryzen 7 7700 huishia karibu wati 88. Hapa kwetu, ambapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika wakati wowote, tofauti hiyo ina uzito. Ondulere (UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ndogo ya 650 VA kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na ukijumlisha i9, kadi ya picha na skrini, huenda ikazimika kabla hujahifadhi kazi.

Kwa upande wa kasi, i9 iliyo nzima ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) 24 dhidi ya 8 vya Ryzen, na itamaliza kutoa video mapema zaidi. Kwa studio ya harusi, mimi ningekubali kungoja dakika kadhaa zaidi. Tena bodi ya Ryzen hiyo ni ya soketi (mahali pa kuchomeka prosesa) AM5, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 au zaidi, kwa hiyo kesho unaweza kupandisha prosesa bila kubadilisha bodi. Soketi ya i9 hiyo iliishia kizazi cha 14.

Ikiwa moyo wako uko kwa Intel, tafuta Core i7-12700 ya kizazi cha 12, ambacho hakikupatwa na ila hiyo. Angalia tu isiwe na herufi F mwishoni, kwa maana zenye F hazina sehemu ya picha ndani yake, na kadi ikiharibika utabaki na skrini nyeusi hadi upate nyingine. Ryzen 7 7700 inayo sehemu hiyo. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akufungulie boksi la prosesa mbele yako, aweke BIOS mpya kwenye bodi, na aandike namba ya prosesa kwenye risiti yenye jina lako.