Muulize Kocha: "Vijana wangu husimama tu wakiita mpira"

SWALI: Shikamoo kocha. Nafunza vijana wa chini ya miaka 14 hapa Mtongwe. Mmoja akipata mpira, wenzake husimama papo hapo wamenyanyua mikono: "Leta! Leta!" Nikiwapigia kelele wakimbie, wote huchomoka pamoja kuelekea golini, mwenye mpira akabaki peke yake. Nifanyeje? (Kocha wa vijana, Mtongwe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acha kusema "kimbia". Neno hilo nililitumia miaka mingi Majengo, na karibu linipotezee winga mmoja mzuri. Alikuwa na mbio, kila nikipiga ukelele alichomoka, lakini mpira haukumfikia. Nikawa namlaumu yeye. Siku moja nikaenda kusimama nyuma ya goli, ndipo nikaona: alikuwa akiondoka wakati mwenye mpira bado ameinama, anautuliza. Mwenzake akiinua macho, yeye keshafika kwa beki, keshakabwa. Nilimwomba radhi mbele ya timu nzima. Tangu hapo ukelele wangu ni mmoja tu, "Macho!" Mwenye mpira akiinua macho, hapo ndipo unapoondoka.

Fanya nao hesabu pia. Mechi ya dakika 60, wachezaji 22. Hata mpira usitoke nje kabisa, ukiugawa sawasawa kila mmoja hapati hata dakika 3. Dakika 57 zilizobaki anafanya nini? Waulize, kisha wape muda wafikiri.

Zoezi ninalolipenda halitaki vifaa. Weka makumbi manne ya nazi, hatua kumi kila upande. Watatu wana mpira, mmoja anakaba katikati. Pembe ni nne na wenye mpira ni watatu, kwa hiyo pembe moja huwa tupu. Sharti: mwenye mpira awe na mwenzake pembe ya kulia na mwengine pembe ya kushoto, na asipige pasi ya kukata katikati. Sasa tazama. Akimpa wa kulia, yule wa kushoto anajikuta pembe ya mkabala, mkabaji yuko kati yake na mpira. Huyo ndiye anayepaswa kuikimbilia pembe tupu, na aanze pasi ikiwa bado njiani. Watoto hudhani aliyetoa pasi ndiye wa kukimbia. Hapana, yeye akibaki palepale tayari ni msaada. Wiki ya kwanza watagongana na kukasirika. Usiwaonee huruma ukawaambia wapi pa kwenda, simamisha mchezo, uliza, "Pembe gani tupu?" Wakishaelewa, dai jambo moja zaidi: pasi iende kwenye mguu wa mpokeaji ulio mbali na mkabaji.

Kisha waingize kwenye mpira wa kurusha. Hapo hakuna kuotea, na mrushaji ameshika mpira mkononi, kwa hiyo kila mtu anaona macho yake yako wapi. Mpokeaji aende hatua mbili tatu kumfuata mrushaji, beki amwandame, halafu ageuke ghafla aingie nyuma yake. Hatua mbili tatu tu. Anayetoka mbio ndefu hufika amechoka, na kwa joto letu la kaskazi hilo si jambo dogo.

Ikiwa uwanja wenu ni mchanga mlaini, pasi za chini zitakwama na vijana watakata tamaa bure. Wapeleke ufuo wa Shelly maji yakishakupwa. Mchanga uliolowa ni mgumu, mpira unateleza vizuri.

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 hupiga pasi kwa ncha ya kiatu, mpira huenda kombo. Mimi sijui mpira. Naweza kumsaidia? (Mama, Kisauni)

JIBU: Waweza sana, dada yangu. Mtafutie ukuta, asimame hatua tano. Mguu anaousimamia uwe pembeni mwa mpira na vidole vyake vielekee ukutani; mguu wa pili upige kwa upande wa ndani, kifundo kikiwa kimekazwa. Mara 50 kulia, 50 kushoto, baada ya Alasiri jua likipoa. Wewe hesabu. Akipiga sawa, mpira utamrudia miguuni. Akirudia ncha ya kiatu, utamwona akienda kuutafuta pembeni.