Usiweke uso wa msanii kwenye mkunjo

Kurasa pacha za kwanza nilizosanifu kwa ajili ya jarida la muziki zilimhusu binti mmoja wa Mikindani, huku kwetu Mtwara, anayeimba bongo fleva. Kwenye kompyuta zilipendeza mno: picha moja imetanda kurasa zote mbili, yeye katikati, anamtazama msomaji. Jarida lilipofika, bibi yake akalifunua, akaligeuzageuza, kisha akaniuliza, "Mbona mjukuu wangu mmempa jicho moja?" Jicho la pili lilikuwa limezama kwenye pini.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kazi hii, msiwashe kompyuta kwanza. Chukua karatasi nne za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, upige pini mgongoni. Andika namba za kurasa, 1 mpaka 16. Sasa ng'oa pini uzitandaze mezani. Ukurasa wa 6 na wa 7, ambao msomaji anauona ubavu kwa ubavu, uko kwenye karatasi mbili tofauti: wa 6 umelala na wa 11, wa 7 umelala na wa 10. Ni wa 8 na wa 9 tu, za katikati kabisa, zilizo karatasi moja.

Ukishaliona hilo kwa macho yako, mengi hayahitaji kuelezwa. Karatasi mbili zinaweza kupishana milimita moja au mbili wakati wa kukunjwa, na rangi ya moja ikakolea kuliko ya mwenzake. Bahari ikivuka mkunjo, nani atajua? Lakini shingo ya gitaa ikivuka itaonekana imevunjika, na uso usiseme. Kichwa cha habari nacho, kama lazima kivuke, nafasi kati ya neno na neno ndiyo iangukie kwenye mkunjo. Na jarida likiwa limegundishwa kwa gundi badala ya pini, sogeza vitu mbali zaidi, maana halifunuki likalala.

Vipimo havina ujanja. Kurasa mbili za A4 zinakupa milimita 420 kwa 297. Picha inayofika ukingoni iongezee milimita 3 kila upande wa nje, kisu kisije kikaacha utepe mweupe. Inakuwa 426 kwa 303. Ili itoke kali inahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli kama 5,000 kwa upana. Picha niliyokuwa nikitumiwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ilikuwa inafika na pikseli 1,600 hivi, ambazo zinatosha sentimita 13 na nusu tu. Mwambie mtu aitume kama dokumenti. Atakuitikia "sawa kaka", halafu akutumie picha ya skrini. Mimi nimeshapanda bodaboda mpaka Shangani na waya wangu mfukoni, nikaitoa mwenyewe kwenye simu ya meneja.

Huku kwetu ngoma nyingi tunazipiga picha usiku, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili. Mpiga ngoma wa sindimba, taa moja ya umeme nyuma yake, jasho linang'aa. Kwenye skrini unamhesabia hata mishipa ya mkono. Kwenye karatasi alitoka kofia na doa. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga. Na wino ukigusa karatasi unasambaa kidogo, kila kivuli kinazidi kuwa kizito. Siku hizi naipandisha sehemu ya giza, hasa usoni, mpaka kwenye skrini naiona imepauka kidogo, kisha naigeuza iwe kwenye rangi nne za uchapaji (CMYK: samawati, majenta, njano na nyeusi) kabla ya kuipeleka. Maandishi meupe membamba juu ya picha nyeusi nimeyaacha kabisa. Wino unayameza.

Sasa maneno. Kiswahili kina maneno marefu, na safu tatu nyembamba kwenye ukurasa mmoja ni mateso: ukinyoosha kingo zote mbili, "wanaomsikiliza" linaachiwa mstari karibu peke yake na mashimo meupe yanajaa. Programu nayo, ikidhani unaandika Kiingereza, itakata "wan-amuziki" bila aibu. Zima ukataji wa maneno, tumia safu mbili, acha upande wa kulia ujipindie. Nukuu kubwa ya katikati iwe kama msanii alivyoisema. Isipoenea, punguza ukubwa wa herufi, usimpunguzie maneno yake.

Mapambo mengine, nyota na spika na nota zinazorukaruka, sina la kusema. Kama picha ina nguvu utaona mwenyewe hayana pa kukaa.

Mwisho, omba nakala ya majaribio, hata kama kiwanda kiko Dar na kati yetu kuna zaidi ya kilomita 500. Inakuja na basi. Nenda stendi, ipokee, usiifungue chini ya taa za pale; subiri asubuhi, itoe nje juani, uikunje kwa mkono wako mwenyewe, umwite mtu asiyejua lolote kuhusu usanifu aifunue. Mimi huwa naipeleka Mikindani. Bibi yule hajaacha kuhesabu macho.